Majina Arobaini Getini

Mjomba wangu hana ncha ya sikio la kushoto. Iling'olewa kwa meno, na aliyeing'oa alikuwa rafiki yake, mtu waliyefuturu naye sahani moja mwezi mzima wa Ramadhani. Walikuwa wakigombania kibati cha kuingilia kazini. Mjomba alikipata kile kibati. Aliingia nacho godauni damu ikimchirizika shingoni, akabeba magunia mpaka jioni, na aliporudi nyumbani mama akamuuliza sikio liko wapi. "Liko Changamwe," akasema, "lakini kazi nimepata." Akacheka. Mimi sikucheka. Mimi nina hasira za karibu, na wallahi siku ile ningejua nyumba ya nyapara wao aliyewagombanisha ningemfuata nikalitafune lake.

Kwa asiyejua, kazi ya kibarua pale getini ilitolewa hivi. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi wanaume kama mia mbili walisimama mbele ya lango la mabati, wa Likoni, wa Kisauni, wa Changamwe yenyewe, na wengine wametoka bara ya Kaloleni na Mariakani. Godauni ilihitaji watu arobaini tu. Nyapara alipanda juu ya pipa akiwa na kopo la vibati arobaini, kila kimoja kina namba iliyogongwa kwa msumari. Akitikisa kopo, watu wananyamaza. Halafu anavirusha juu kama mtu anayewatupia kuku mtama. Lango likifunguliwa, mwenye kibati mkononi anaingia, asiye nacho anakwenda zake. Sheria nyingine haikuwapo. Ukinyang'anywa, shauri yako, ulilegea.

Nimeona vidole vya mtu vikikunjuliwa kimoja kimoja, vingine vikivunjika, mpaka ngumi ikafunguka. Nimeona mzee amekificha kibati ndani ya shavu na wenzake wawili wamemkaba koo akiteme. Nimeona watu wa msikiti mmoja wakipigana vichwa alfajiri, na adhuhuri hao hao wameswali bega kwa bega, plasta usoni. Ndiyo riziki, walisema. Riziki gani hiyo, jamani, ya kung'atana?

Mimi niliingia godauni ile kwa mlango mwingine. Nilisomea kompyuta chuoni mjini, nikaajiriwa karani wa stoo, na dirisha la ofisi yangu ghorofani lilitazama lango moja kwa moja. Nikifika mapema, nilimwona mjomba chini pale akivua kanzu, akiikunja vizuri, akiiweka juu ya jiwe, kisha akiingia vitani na fulana. Alikuwa na miaka ishirini na sita getini. Mwaka wangu wa nne, asubuhi moja, kibati kilishuka kwa ukingo kikamwingia mtu jichoni. Akaanguka chali akipiga mayowe. Wenzake walimruka. Mmoja aliinama, nikadhani anamsaidia, kumbe anakichomoa kile kibati palepale usoni pake, akakimbia nacho langoni.

Nilishuka ngazi na themosi ya chai mkononi. Sijui hata nilikuwa nimeishika ya nini. Nilimkuta nyapara bado yuko juu ya pipa na kopo lake tupu, nikampiga nayo kichwani kwa nguvu zangu zote. Chupa ikapasuka kwa ndani, chai ikamwagika juu yake na juu yangu, yeye akaanguka kutoka kwenye pipa, mimi nikamfuata chini na kiatu. Walinivuta watu watatu. Nilipandishwa kwa meneja buibui limelowa chai, nangoja kufukuzwa.

Meneja alikuwa na hofu zake. Jicho la mtu si jambo dogo. Akanitazama akasema, "Wewe mjuzi wa kupiga watu, una njia nyingine ya kuwachagua?"

"Ninayo," nikasema, na wakati huo sikuwa nayo.

Lakini kufika nyumbani nilikuwa nayo. Kila kibarua aandikishe jina lake mara moja. Kila asubuhi kompyuta ya kibanda cha getini ipige kura, itoe majina arobaini, yasomwe kwa kipaza sauti. Aliyetajwa aingie, ambaye hakutajwa ajaribu kesho. Hakuna kurusha, hakuna kugusana. Meneja alikubali kabla sijamaliza kusema. Nyapara alikubali kwa shingo upande, kichwa kimefungwa bendeji.

Programu yenyewe ilikuwa kitu kidogo, dirisha jeusi lenye maandishi meupe, hakuna picha, hakuna madoido. Unaiandikia jina la orodha, unabonyeza, inachanganya majina na kutoa arobaini. Vijiprogramu vya namna hii mimi huvijenga upesi kuliko mtu kupika ugali. Ila kabla ya kuvijenga sharti uchague tageti, yaani ni mashini ya aina gani itakayoviendesha. Iliyojengwa kwa kompyuta mpya haifunguki kwenye kompyuta kuukuu hata uibembeleze. Iliyojengwa kwa kompyuta kuukuu hufunguka kwenye zote mbili.

Nilijenga matoleo mawili. La kwanza lilikuwa la majaribio. Nililijenga kwa tageti ya kompyuta kuukuu, kwa sababu mchana nililijaribu kwenye mashini chakavu ya stoo na jioni kwenye laptopu yangu nyumbani, na sikutaka taabu ya kujenga mara mbili. Na humo ndani niliifunga bahati. Ukijaribu kitu cha kupiga kura, huna budi kuifunga, itoe majina yale yale kila mara. La sivyo likitokea jambo la ajabu hujui kama ni kosa lako au ni bahati tu imegeuka. Kwa hiyo toleo la majaribio lilitoa watu arobaini wale wale, kwa mpangilio ule ule, hata uliendeshe mara elfu. Na orodha niliyojaribia ilikuwa ile ile ya kweli, yenye majina ya watu wenyewe. Nililiendesha mpaka majina nikayahifadhi. La saba lilikuwa la mjomba.

Toleo la pili lilikuwa la kweli, bahati yake iko wazi. Nililimaliza jioni ya mwisho, nikaliacha lijengwe kwa tageti ya laptopu yangu, kompyuta mpya, kwa kuwa ndiyo tageti inayojichagua yenyewe usipoibadilisha, na mimi nilikuwa na haraka. Kompyuta ya kibanda cha getini sikuwa nimeigusa hata siku moja. Ilikuwa ya nyapara, ya kuandikia malori, na tangu nimpasulie themosi alikuwa hataki nivuke kizingiti chake. "Utanitilia virusi," alisema. Nikajiambia, kasha lake linang'aa, lazima ni mpya. Ebo! Kasha! Mtu mwenye diploma yake anaihukumu kompyuta kwa kasha.

Wiki moja kabla ya kuanza, kabla sijapata hata orodha ya kujaribia, vibarua walikuwa wamegoma kuandikisha majina. Yule aliyetoboka jicho ndiye aliyewasemea. Alikuwa ametoka hospitali, kitambaa cheupe kimefunika shimo, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mashini haijiumbi," akasema. "Imeundwa na mtu, na mtu ana ndugu. Huyu bibi mjomba wake ni huyu hapa. Nani atatuhakikishia?"

Watu wakaguna. Mjomba akatoka katikati yao. Mnijuze ni nani pale ambaye hakumheshimu. Kibarua akifa, mjomba ndiye aliyemwosha, awe ana jamaa au hana, na ndiye aliyezunguka na kofia kuchangisha sanda. Hata wasio Waislamu walimwita akawasaidie kubeba jeneza. Akawaambia wangoje. Akaenda bombani akatia udhu, akaingia chumba cha kuswalia, akatoka na mswahafu, akasimama kwenye lango lile lile aliloachia sikio lake.

"Wallahi, wabillahi, watallahi," akasema, mkono juu ya mswahafu, "mashini hino haina ndugu. Nikisema urongo, Mungu asinipe mtu wa kunizika."

Mzee mmoja wa Kigiriama akasema kwao angeletewa shoka la moto alilambe, hapo ndipo wangeamini. Watu wakacheka, hata yule wa jicho akatabasamu kidogo. "Kama ni wewe unayeapa, basi," akasema, akawa wa kwanza kuandikisha. Mjomba alikuwa hana shamba, hana nyumba ya mawe, hana mtoto. Alikuwa na neno lake, na aliliweka juu ya programu yangu mbele ya watu mia mbili.

Asubuhi ya kuanza niliingia kibandani saa kumi na mbili kasoro, flashi mkononi. Nyapara alisimama nyuma yangu na kopo lake la vibati, akilitikisa makusudi. Nje watu walikuwa wamejazana mpaka kwenye wavu wa dirisha, wananitazama mikono. Nikaichomeka flashi, nikaliendesha toleo la kweli. Dirisha jeusi likafunguka, likaandika kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii, likajifunga. Nikarudia. Likajifunga.

"Vipi?" nyapara akauliza. "Nirushe?"

Mtu akaanza kupiga mabati kwa ngumi. Wakafuata kumi, wakafuata wote. Kibanda kizima kilitetemeka. Katika flashi ile ile lilikuwamo toleo la majaribio. Nililijua litafunguka. Nilijua litatoa nani. Sikulifungua kwa ajili ya mjomba, naapa, nililifungua kwa sababu ya zile ngumi na lile kopo. Lakini nilijua jina lake limo, la saba, na nikabonyeza.

Majina yakatoka. Nyapara akayasoma kwa kipaza sauti, uso umemkunjamana. Lango likafunguliwa, na kwa mara ya kwanza niliona watu arobaini wakiingia kazini mashati yao mazima. Hapakuwa na damu hata tone. Mjomba aliposikia jina lake alipiga magoti palepale kwenye changarawe akasujudu sijida ya shukrani, watu wakimpita huku na huku wakicheka. Yule wa jicho hakutajwa. Alitazama lango likifungwa, akasema "Haya, kesho," akaenda zake kwa amani. Mimi nilijifungia chooni nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Jioni kazi yangu ilikuwa moja: kulijenga upya toleo la kweli kwa tageti ya kompyuta kuukuu. Laptopu ikaniambia kuna kipande kinachokosekana, nikipakue kwanza. Bando la intaneti lilikuwa limekwisha. Duka la bando lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni petu. Lakini mjomba alikuwa amekuja na samaki mkubwa, mama anampaka nazi, majirani wameingia, kila mmoja ananiambia binti umetuokoa, Mungu akuzidishie. Mama alipiga vigelegele. Meneja alinipigia simu kunipongeza. Nililewa sifa, huo ndio ukweli, nikasema nitalijenga kesho mchana ofisini. Kuhusu asubuhi nikajiambia: katika watu mia mbili, nani atakumbuka ni akina nani waliotajwa jana?

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu anayeitazama njaa kutoka ghorofani. Watu wale wengi wao hawasomi orodha, lakini kila mmoja alijua nani aliingia jana, juzi na wiki iliyopita, na alisimama mguu gani alipoingia. Wanahesabiana kama mama anavyohesabu vipande vya nyama sufuriani. Ningemuuliza mjomba angeniambia. Sikumuuliza.

Siku ya pili nyapara alisoma jina la kwanza. La pili. La tatu, na mtu akasema, "Ala!" La nne na la tano watu walianza kugeukiana. Kufika la sita walikuwa wakimtangulia nyapara, wanayasema wao kabla yake. Na la saba walilitaja kwa pamoja, jina la mjomba wangu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwa binadamu.

Nilimwona kupitia wavu. Alipanda juu ya pipa la nyapara akainua mikono miwili. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Uso wake uling'aa, alidhani Mungu amemkumbuka mara ya pili.

"Sikilizeni!" akasema. "Nimeapa na naapa tena. Wallahi, mashini hino haina ndugu!"

Kipaza sauti kilikuwa mezani mbele yangu, nyapara alikuwa amekiweka kinawaka. Ningesema maneno matatu tu, kosa ni langu. Mkono niliunyoosha mpaka nikakigusa. Kisha jiwe likagonga wavu mbele ya uso wangu na mimi nikaingia chini ya meza.

Kwa hiyo mengine niliyaona kupitia mwanya wa mlango, shavu langu sakafuni. Walimvuta miguu akaanguka kutoka kwenye pipa, akatua kwa kidevu. Walimpiga mateke, hao aliowafuturisha na kuwazikia baba zao. Wachukuzi hubeba kulabu za chuma za kunasia magunia. Mtu alimtia kulabu begani akamburura nayo kwenye changarawe kama gunia. Mwingine alikuwa na ubao. Mkono wake wa kulia aliuinua kujikinga, na nilisikia unavunjika, mlio mkavu, nikajitia ngumi mdomoni nisipige kelele. Na kila walipompiga alikuwa akisema, sauti inazidi kuwa ndogo, "Naapa, ndugu zangu. Naapa." Hilo ndilo lililowatia wazimu zaidi. Wangeweza kumsamehe mwizi. Mtu anayemtaja Mungu huku anawaibia hawakuweza.

Yule wa jicho moja alisimama juu yake na tofali.

Aliyemwokoa ni nyapara. Hilo lazima nilikiri ijapokuwa simpendi mpaka leo. Alilifungua kopo lake, akatoka mlangoni, akavirusha vibati vyote arobaini upande wa pili, mbali, kuelekea barabarani. Viliposikika vikilia kwenye lami, watu waligeuka. Tofali lilidondoshwa. Walimwacha mjomba alipolala wakakimbilia vibati, wakaanza kung'atana wenyewe kwa wenyewe, na kwa muda ule nyapara na mimi tukamburura ndani.

Hospitali walimfunga mkono plasta, wakamshona bega, na taya wakalifunga kwa waya. Bega la kulia halitabeba tena, daktari alituambia waziwazi. Siku tatu hakusema neno. Mama alikaa kichwani pake akilaani getini kote, mashini, nyapara, vibarua, na akinisifu mimi kwa kumtoa. Nilimwacha anisifu. Siku ya nne mama alipotoka kwenda kuswali, mjomba aliniita.

"Mwanangu."

"Abee, mjomba."

Alizungumza kwa meno yaliyofumba, ilinibidi niiname. "Niliapa urongo?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kompyuta. Yote yakanikimbia. Nikamwambia. Nikamwambia matoleo mawili, la majaribio na la kweli, na kwamba moja lilikuwa la mashini kuukuu na jingine la mpya, na kwamba duka la bando lilikuwa hatua kumi na mimi nilikaa kula samaki. Nikamwambia kwamba jina lake nilikuwa nikilijua siku zote mbili kabla sijabonyeza. Nikamwambia na kipaza sauti, kwamba nilikigusa. Nilitamani anipige. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, angeweza. Nilimsogezea hata uso.

Hakunipiga. Alitazama dari, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na kwa kuwa hakujifuta nikamfuta mimi.

"Aliyeapa kwa kutojua, Mungu humsamehe," akasema mwishowe. "Mungu hanitishi. Wanaonitisha ni wale walionipiga wakidhani nimewachezea. Nitafia wapi, mwanangu? Wale ndio watu wangu. Nani atanibeba?" Akajaribu kuinuka kitandani, akashindwa, akaanguka kwenye mto akihema. "Nivishe viatu. Nakwenda getini kuwaambia."

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Kosa langu, mdomo wangu."

Nilikwenda asubuhi ya pili yake. Meneja alikuwa amekwisha kunipa barua ya kuachishwa, lakini mlinzi alinionea huruma akaniacha nisimame nje ya kibanda. Sikuwa na kipaza sauti. Nilipanda juu ya pipa lile lile, na watu wakanigeukia.

Nikawaambia kila kitu. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Mjomba hakujua! Alifanywa mjinga na mimi, kama ninyi! Nilijaribu kueleza toleo la majaribio, nikaona macho yao hayanifuati, nikaliacha, nikarudia tu: hakujua, hakujua, aliapa kwa moyo safi.

Yule wa jicho moja akaja mbele. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi.

"Siku ile ulikuwa mle ndani," akasema. "Kipaza sauti kiko mbele yako. Mtu anavunjwa mkono unasikia. Mbona hukusema hayo?"

Nikautazama ule wavu wa kibanda.

"Unaona," akawaambia wenzake. "Leo ndiyo wamekaa wakapanga. Mtu na mjomba wake, chanda na pete."

"Sikupanga naye! Wallahi..."

"Usiape!" akafoka. "Nyinyi ukoo wenu msituapie tena! Mwambie mjomba wako asituletee uso wake hapa. Maiti zetu tutaziosha wenyewe. Na yeye akifa msitume mtu kutuita."

Jiwe sikuliona lilikotoka. Lilinipata mdomoni, nikahisi jino limelegea na damu ya moto imejaa ulimi. Ningekuwa yule wa zamani ningeshuka nikamtafuta aliyelirusha, nimpasue. Siku ile nilisimama tu juu ya pipa nikingoja la pili. Halikuja. Walinipa mgongo, wote, wakatazama lango.

Nilifika hospitali saa za kuona wagonjwa. Nilikuwa nimenawa uso bombani na kuuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mjomba alikuwa ameketishwa, amemwomba mama amchane ndevu, amevaa kofia. Alikuwa akitazama mlango tangu asubuhi, mama aliniambia.

"Mdomo umefanyani?" akaniuliza.

"Nimejigonga kwenye mlango wa matatu."

"Na wao? Wamesemaje?"

Mama aliacha kuchana. Nilimtazama mjomba, plasta yake, zile nyaya, jicho lake lililovilia damu likinitazama na matumaini ya mtoto.

"Wamekusamehe," nikasema. "Wamesema wanakungojea. Wamesema mtu akifa watakuja kukuita wewe, kama zamani."

Alinitazama mdomoni. Nilijua anataka kuamini, na nilijua anamjua mtu anayemwambia ni nani, na amemfanyia nini.

"Apa," akasema.

Nikaapa.